Bunduki ya Nyuma ya Mlango

Kila asubuhi Verlin Haugen alilisha ng'ombe kwanza, kisha akanywa kahawa. Bunduki yake ilisimama nyuma ya mlango wa jikoni, ikiwa na risasi tayari kwa mbweha wanaovizia ndama. Baba yake aliiweka hapohapo, na babu yake pia, katika nyumba hiyohiyo ya Montana, Marekani.

Siku tano kabla ya sikukuu ya Shukrani, familia zinapokusanyika, binti yake Corrine alipiga simu.

"Baba, ile bunduki bado iko mlangoni?"

"Iko. Ulitaka ikae wapi, kanisani?"

"Basi tutalala hotelini. Maren ana miaka miwili. Hakuna kitu asichokishika."

"Wageni wakija natoa magazini, kile kibebeo cha risasi. Wewe umekulia humuhumu, na uko hai."

"Ni bahati tu, baba."

Simu ikakatika. Verlin alikitazama kitanda kidogo alichokuwa amekiunga karibu na jiko. Mjukuu wake huyo alikuwa amemwona mara moja tu, alipoletwa humo mwezi Julai.

Mchana jirani yake, LaVonne, alikuja kurudisha koleo la kukazia waya wa uzio. Mama huyo alikuwa amewafundisha wawindaji wapya usalama wa bunduki kwa miaka thelathini. Verlin akamweleza aliyoyasema Corrine.

"Anataka kuninyang'anya haki yangu, ndani ya nyumba yangu!"

"Nani kakunyang'anya? Mimi ninazo bunduki sita," LaVonne alisema. "Haki ni yako, Verlin. Na risasi ikitoka, hiyo nayo ni yako. Hebu nionyeshe unavyofanya wageni wakija."

Verlin aliichukua bunduki, akachomoa magazini, akaitumbukiza kwenye kopo la kahawa.

"Haya. Tupu."

"Una hakika?"

"Nilishika bunduki wewe hujajua kufunga viatu."

"Na bado unaishika vibaya. Elekeza mtutu nje, kwenye lile lundo la udongo. Kidole kikae mbali na kifyatulio. Sasa fungua chemba, pale risasi inapokaa ikingoja kufyatuliwa."

Verlin aliifungua. Risasi moja iliruka, ikagonga sakafu, ikabingirika hadi kwenye kitanda cha mtoto.

"Uliitia lini?" LaVonne aliuliza.

"Mei. Wakati wa ndama."

"Na Maren alikuja lini?"

"Julai," Verlin alisema, akainama kuiokota risasi.

"Kutoa magazini hakutoi risasi iliyokwisha kuingia kwenye chemba," LaVonne alisema. "Toa magazini. Fungua chemba. Tazama kwa jicho, kisha papasa kwa kidole. Halafu bunduki uifungie kwa kufuli, na risasi uzifungie pengine. Ufunguo usiuweke juu ya friji. Watoto hupanda viti."

"Na mbweha akija?"

"Huenda akakutangulia kwa dakika mbili. Ndama mwingine atazaliwa."

Kesho yake Verlin alinunua kabati la chuma la namba za siri, akalikaza ukutani chumbani kwake. Risasi alizifungia kwenye sanduku ghalani. Kisha akampigia Corrine, akamweleza yote, hata habari ya Julai. 

"Asante kwa kuniambia," Corrine alisema. "Tutakuja."

Siku ya Shukrani Corrine aliuvuta mlango wa kabati mara mbili. Haukufunguka. Ndipo akamvua Maren koti na kumwachia.

Mtoto alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango wa jikoni. Akakuta ufagio, akaanza kufagia.