Rekebisha Picha Tu, Mwelu

"Rekebisha picha tu. Usiguse kitu kingine. Umenisikia, Mwelu?"

Waithaka alinisukumia flashi mezani bila hata kuniangalia. Tulikuwa kwenye mkahawa pale Adams Arcade, Jumatano mchana. Yeye anakula kuku na chipsi, mimi nakunywa chai, maana hakuuliza kama nina njaa.

"Picha ina shida gani?"

"Vipande vinalaliana. Profesa Peres amesema haoni kitu."

"Umejaribu kurekebisha?"

"Mimi ni mtu wa mawazo, babe. Hizo ni kazi za mikono."

Kazi za mikono! Mtu anasomea uzamivu wa jeni za ng'ombe, anatafuta sehemu zinazomkinga mnyama na ugonjwa wa kupe, na hawezi kuandika mstari mmoja wa R, ile lugha ya kompyuta tunayochorea. Si kitu kigumu. Kromosomu unaichora kama mstari mrefu. Kila sehemu unayoitaka ina namba ya mwanzo na namba ya mwisho, unaiwekea kijiboksi hapo, basi. Miaka miwili nimemchorea, na bado anaziita "zile rangi-rangi".

"Na ile nafasi yangu ya masomo Pretoria?" nikamwuliza. "Wanataka jibu Ijumaa, saa kumi na moja jioni."

"Si tuliongea? Pretoria unaenda kufanya nini? Ijumaa natetea tasnifu, Desemba nakuja kwenu Machakos kuona wazee. Ama hutaki kuolewa?"

Nilitaka. Wacha niseme ukweli, nilitaka sana, mpaka barua ya kuikataa ile nafasi nilikuwa nimeshaiandika. Ilibaki kutumwa tu.

Nikarudi ofisini Hurlingham, nikafungua faili. Mwandiko haukuwa wangu.

Sisi tunaoandika hivi vitu tuna tabia moja. Ukiweka alama ya reli, hii #, mwanzo wa mstari, kompyuta inauruka, kwa hivyo hapo unamwachia maelezo mtu atakayesoma. Waithaka hajawahi kusoma. Yeye hubonyeza, picha ikitoka anaenda zake. Basi nikasoma mimi:

# Imeandikwa na Fathiya Abdulfatah, 15 Machi 2009

Chini yake namba ya simu. Kisha, katikati ya kazi:

# Wai mpenzi, hapa ndipo unabadilisha rangi

# Hapa nimehangaika siku tatu. Desemba ukienda kwa Baba Mombasa nitasahau taabu yote

Nilisoma mara tatu. Nikapiga ile namba.

"Haloo, Fathiya? Naitwa Mwelu. Mimi ndiye ninayemchorea Waithaka picha za ng'ombe."

"Wewe? Mbona mchoraji ni mimi, dada?"

"Desemba anakuja kwenu?"

"Anakuja kuposa. Kasema atasilimu. Wewe umejuaje?"

"Desemba hiyo hiyo anakuja kwetu. Amesema ataleta mbuzi."

Nikasikia anavuta kiti, anaketi.

"Kwako huja siku gani?" akauliza.

"Jumamosi. Jumapili huwa kanisani na mamake."

"Subhanallah! Jumapili huwa hapa mjini, anakula biriani yangu."

Kama nililia? Nililia, tena kwenye choo cha ofisi, nimeziba mdomo na leso. Nilimlilia mwanamume asiyejua tofauti ya mstari na kijiboksi, aki. Kisha nikanawa uso, nikarudi kwenye kiti.

Hiyo shida ya picha yake ilikuwa ndogo kiasi cha kutia aibu. Vipande viwili vikiangukia mahali pamoja, cha juu kinakificha cha chini. Unakipa kila kimoja safu yake, vyote vinaonekana. Nikafanya hivyo. Chini yake nikaweka maelezo, kama ilivyo desturi ya kazi:

# Safu zimepangwa na Mwelu Nthiwa, 10 Juni 2009. Vilivyolaliana sasa vinaonekana vyote

Kingine sikugusa. Si ndivyo alivyoagiza?

Jioni akatuma ujumbe: "Babe umemaliza?"

"Nimemaliza. Nimerekebisha picha tu."

"Ndio maana nakupenda. Ijumaa usikuje, utanipea presha."

Na Fathiya naye alikuwa ameambiwa asije. Kwa hivyo Ijumaa saa tisa tukaketi pamoja nyuma kabisa ya ukumbi, yeye na buibui lake, mimi na gauni langu la kanisani.

Waithaka mbele, tai imemkaba shingo, anapiga domo. Picha ikatokea ukutani, safi, kila kijiboksi kwa safu yake.

"Hii imekaa vizuri," Profesa Peres, aliyeongoza watahini, akasema. "Umeichora mwenyewe?"

"Kila mstari, Profesa."

"Hongera. Hebu tusogelee kromosomu ya tano, kuanzia milioni kumi mpaka kumi na moja."

"Sasa hivi?"

"Si ni kubadilisha namba mbili tu?"

Akafungua faili, na maandishi yakajaa ukuta mzima. Profesa akavaa miwani yake, akasoma kwa sauti ya darasani:

"Wai mpenzi, hapa ndipo unabadilisha rangi. Wai ni nani?"

"Hayo ni... ni maelezo ya kompyuta, Profesa."

"Kompyuta inakuita mpenzi?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Profesa hakucheka. Akaendelea kusoma mpaka chini.

"Fathiya Abdulfatah. Mwelu Nthiwa. Mko humu?"

Tukasimama, sote wawili. Waithaka akatuona tumeshikana mikono.

"Haya, badilisha hizo namba," Profesa akamwambia.

Akapandisha faili, akashusha. Hakujua ni mstari gani. Mwishowe, mbele ya watu wote, akanigeukia.

"Mwelu, babe, nisaidie."

"Hizo ni kazi za mikono," nikamjibu. "Wewe ni mtu wa mawazo. Waza."

Profesa akafunga daftari lake. "Kikao kimeishia hapa. Nyinyi wawili, Jumatatu mje ofisini kwangu tuzungumze kuhusu kazi yenu."

Saa kumi na dakika ishirini nilikuwa mezani kwangu ofisini. Nikaifuta ile barua ya kukataa, nikaandika nyingine ya mistari miwili: nimekubali, nashukuru. Nikaituma. Ndipo ujumbe wa Waithaka ukaingia.

"Mwelu nisamehe. Fathiya si kitu kwangu. Desemba bado nakuja kwenu."

Nikamwonyesha Fathiya, aliyekuwa amekaa pembeni yangu anakunywa chai.

"Nami kanitumia hiyo hiyo," akasema. "Kabadilisha jina tu. Angalau hilo kaweza mwenyewe."

Nikamjibu Waithaka: "Karibu Machakos. Wazee utawapata. Mimi nitakuwa Pretoria."