Jicho la Silantoi

Asubuhi ile Abdiel aliikuta brashi yake ndogo kuliko zote imeoshwa. Jana yake alikuwa amechoka, akaiacha mezani na rangi nyeusi kwenye ncha. Sasa ncha ilikuwa safi, imechongoka kama sindano, na bado ilikuwa mbichi.

Aliishi peke yake Sombetini, chumba na sebule, na kazi yake ilikuwa kurekebisha sanamu za mashujaa wa vitabu vya katuni, zile ambazo watu wazima huzikusanya na kuzipanga kabatini. Zilitoka viwandani na kasoro zake: mshono wa kalibu, pale nusu mbili zilipounganishwa, umepita shingoni, rangi ya barakoa imemwagikia shavuni, macho mawili yanatazama pande mbili. Yeye aliusugua mshono kwa msasa, akaziba mashimo kwa epoksi, akachora macho upya. Zamani mkewe, Silantoi, alikaa mbele yake akiziinua moja moja kwenye mwanga.

"Huyu amelewa," alikuwa akisema. "Na huyu kamwona mama mkwe."

Silantoi alifariki masika yaliyopita. Jicho lake moja lilivutwa kidogo kuelekea puani, naye alilionea aibu. Katika kila picha ameinama, au amevaa miwani ya jua. Uso mzima alimwinulia Abdiel tu. Ndiyo maana Abdiel alichukua sanamu ya shujaa wa kike, akaukwangua uso wa kiwandani, akauchonga wa mkewe, na jicho lile akalichora kama lilivyokuwa. Hiyo haikuwa ya mteja.

Asubuhi ile, jicho lilikuwa limenyooka.

Akadhani amekosea mwenyewe. Akalichora tena upande. Kesho yake lilikuwa limenyooka tena, kwa mstari mwembamba ambao mkono wake haujawahi kuuweza. Sanamu nyingine nazo zikaanza kupona: mishono ikatoweka, mashavu yakasafika. Chumba kikanuka mgomba uliokatwa sasa hivi, ingawa mtaani kwake hapakuwa na mgomba.

Jioni moja, akianua nguo uani, alisikia brashi ikigongwa kwenye ukingo wa glasi ya maji, ting, ting, taratibu, kama anavyoigonga mtu asiye na haraka, na akasimama na shati mkononi akijiambia ni kwa jirani, akijua jirani hayupo, akitamani kuingia na akiogopa kuingia, na katika woga ule akagundua kwamba kilichomtisha zaidi ni kuona raha kidogo kwamba ndani ya nyumba yake kuna mtu.

Alipoingia hapakuwa na mtu. Maji ya glasi yalikuwa yakizunguka.

Akaishika brashi alirudishe jicho la mkewe upande. Akaipeleka kwenye jicho moja, kisha kwenye la pili. Hakukumbuka lilikuwa lipi, la kulia au la kushoto.

Akampigia simu shangazi yake, Hanna. Akaja kutoka kijijini Kikwe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Bado unachezea wanasesere?"

"Ni sanamu, shangazi."

Hanna akaichukua ile ya Silantoi, akaitazama kwa muda. Akaishusha, na sauti yake ikashuka pia.

"Mzuri. Ila simjui huyu."

"Jicho lake, shangazi. Unalikumbuka lilikuwa lipi?"

"Nilimwona ameinama siku zote, mwanangu. Ila humu ndani mmekaa wawili. Na huyo mwenzako hakuwahi kumwona mke wako."

Hanna akasali. Kisha akatoa kwenye kitenge jani refu la isale, lile ambalo nyumbani kwao humpelekea uliyemkosea, naye akishalipokea hana namna ya kukukatalia.

"Nikiondoka, liweke mbele ya sanamu. Umwombe huyo mwenzako aende zake. Hilo tu, Abdiel. Usimwombe kingine."

Aliondoka mchana. Ukungu wa mlima Meru ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Abdiel akapiga magoti, akaliweka jani. Akafungua mdomo aseme ondoka. Akakifikiria chumba bila ile sauti ya glasi.

"Nirudishie jicho lake," akanong'ona.

Jani likasogea kidogo, kama limepokelewa.

Alfajiri sanamu ilikuwa vilevile, macho yote yamenyooka. Akaenda kunawa, akauinua uso kwenye kioo. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevutwa kuelekea puani.

La kushoto. Sasa alikumbuka.

Akalifumba la kulia. La kushoto likamtazama kutoka kiooni kwa aibu ile ile aliyoijua, kisha likainama, na yeye hakuwa ameinama. Tangu mazishi hakuna aliyemtazama hivyo. Akaanza kulia, na kucheka kidogo.

Nyuma yake, mezani, brashi ikagonga ukingo wa glasi.