Sauti Iliyopaswa Kufutwa

Duka la vifaa vya muziki lilikuwa limejaa watu hadi mlangoni pale mikono miwili ilipodaka waya mmoja wa kipaza sauti, wa mwisho rafuni. Mkono mmoja ulikuwa wa kijana aliyevaa koti la ngozi katika joto lililomfanya hata muuzaji abaki na fulana. Wa pili ulikuwa wa msichana mwenye ovaroli ya buluu, raba za njano, na penseli imechomekwa kwenye nywele.

"Dada, mimi nimetangulia kuushika," alisema kijana.

"Umetangulia kuutamani, kaka. Aliyeushika ni mimi." Akamtazama juu chini. "Na hilo koti, umeandikiwa na daktari?"

Tangu dakika hiyo jina lake likawa Koti. Alicheka, jambo lililomwokoa, kisha akajieleza. Alikuwa na bendi ya roki, haina kampuni nyuma yake wala studio mbele yake, na wimbo wao wa kwanza walitaka kuurekodi kwenye ghala la magodoro la shangazi yake, Jumapili, duka likiwa limefungwa. Msichana naye alikuwa fundi sauti, kazi yake kurekodi matangazo ya sabuni na dawa za mbu. Aliposikia magodoro aliacha kuuvuta waya. Magodoro humeza mwangwi kuliko kuta za studio nyingi alizotolea jasho. Akaulipia waya, akasema Jumapili atakuja nao.

Jumapili zikawa nne. Fundi alisimamisha magodoro ya sita kwa sita kuizunguka ngoma, na Koti akaimba amebanwa katikati kama nguo sandukuni, huku shangazi akipita kila nusu saa kuhakikisha hakuna aliyetoboa nailoni. Katikati ya juma simu zilianza.

"Nimepiga kujua kama kipaza sauti kimeamka salama," alisema Koti.

"Kimeamka. Na mwenyewe ameamka, kama hilo nalo linakuhusu."

Lilimhusu mno. Kufikia Jumapili ya tatu mpiga ngoma, Radi, alikuwa ameshaanza kumwita Fundi shemeji bila kuuliza mtu.

Huyo Radi alikuwa na ugonjwa mmoja: kiitikio kikirudi mara ya pili, alipotea. Basi Fundi alikiimba kiitikio mwenyewe, ili Radi akisikie kwenye visikilizio, kimwongoze, halafu kifutwe. Aliimba taratibu, kama mtu anayekunja nguo. Koti alisahau maneno aliyoyatunga mwenyewe.

Fundi alimkatiza kabla hajamsifu. Alisema aliwahi kusimama mbele ya watu mara moja tu, kwenye shindano, na jaji akamshauri atafute kazi nyingine. Akaitafuta, akaipata, na anaipenda. Sauti ile isisikiwe na mtu. Akaizima isitoke kwenye wimbo, akamwachia Koti aifute, akamkabidhi wimbo pamoja na sauti zote zilizorekodiwa, moja moja, kama fundi anayejiheshimu.

Koti aliusikiliza siku tatu. Kiitikio kilikuwa sahihi na hakikuwa na uhai. Siku ya nne akaifungua ile sauti iliyozimwa, akautuma wimbo redioni. Alikusudia kumwambia. Kila alipofungua kinywa, akajikuta anazungumzia mvua.

Wimbo ulipigwa Jumanne asubuhi. Kufikia Alhamisi ulikuwa ukipigwa mara tano kwa siku, na wasikilizaji wote waliuliza swali moja: yule dada ni nani? Ijumaa mtangazaji akamwita Koti na kumuuliza hewani. Koti alikumbuka kwamba Fundi hakutaka kujulikana, akababaika, akajibu haraka, "Ah, lile ni kosa tu. Fundi wetu alisahau kuzima sauti ya kuongoza."

Fundi alikuwa kazini, redio iko wazi kwa mara ya kwanza juma lile, na mwenye kiwanda cha sabuni, aliyejua ni nani aliyeurekodi wimbo, ameketi kando yake. Yule mzee aliitazama redio, akamtazama Fundi. Kabla ya jioni wateja wawili walikuwa wameahirisha kazi. Fundi akampigia Koti simu.

"Nilisahau?"

"Mpenzi, nilikuwa nakuficha."

"Umenificha nyuma ya uongo. Kuniibia sauti ningekununia siku mbili, yakaisha. Lakini fundi anayesahau, nani atampa kazi?"

"Nitarekebisha."

"Rekebisha palepale ulipoharibia. Mimi usinipigie."

Shangazi, aliyesikia yote redioni, alimwambia Koti kwamba anaweza kuvumilia mpwa anayepiga mayowe katikati ya mali yake, si mpwa anayemsukumia mwanamke lawama.

Kituo cha redio kilikuwa na onyesho kesho yake, Jumamosi alasiri, likirushwa moja kwa moja; bendi ya Koti ilikuwa imealikwa, na ukumbi ulikuwa umeshamkodi Fundi tangu mwezi uliotangulia. Hakuwa mtu wa kukimbia kazi. Alifika, akapanga spika, na maagizo yote ya kumpa Koti akayapitisha kwa Radi.

"Shemeji anasema upunguze gitaa," alisema Radi, ilhali watatu hao wamesimama hatua mbili tu mmoja na mwenzake.

Ukumbi ulifurika watu mia saba. Zamu ya wimbo ilipofika, Koti alinyamazisha gitaa, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Nilisema redioni kwamba fundi alisahau. Nilidanganya. Fundi aliizima ile sauti, na kazi yake yote ilikuwa safi. Mimi ndiye niliyeifungua, bila ruhusa, kwa sababu ni nzuri kuliko yangu na niliogopa kumwomba. Sauti ni yake. Akikataa, wimbo huu hatuupigi, leo wala siku nyingine."

Nyuma kabisa, kwenye meza ya mitambo, palikuwa na kipaza sauti kidogo ambacho mafundi hutumia kuzungumza na jukwaa. Fundi alikivuta karibu. Kisha akakiunganisha na spika za ukumbi mzima.

"Radi, hesabu," alisema.

Kiitikio kilipofika, aliimba palepale alipo, macho kwenye mitambo, penseli kwenye nywele. Ukumbi wote ukageuka kumtafuta. Bendi ikabaki inapigia migongo mia saba, na Koti hakuwahi kuwa na furaha kama ile ya kutotazamwa na mtu. Kiitikio cha mwisho watu walikichukua wenyewe, na Radi hakupotea.

Baadaye Koti alimkuta Fundi akikunja nyaya, simu yake inaita mfululizo mfukoni mwa ovaroli.

"Bado nimekasirika," alisema Fundi.

"Najua."

"Nitakasirika hadi Jumatano."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi umlete shangazi yako nyumbani kwetu, aongee na mama." Akamkabidhi rundo la nyaya abebe. "Na aongee yeye. Wewe umeshaongea vya kutosha."