Uso Uliotajwa Vibaya

Simu ya mshonaji ilianza kukataa kidole gumba chake. Alikifuta kwenye gauni, akakibonyeza tena, ikakataa. Alipokisogeza dirishani aliona ngozi laini tupu, haina hata mstari mmoja, na sugu ya sindano imetoweka.

"Mume wangu, hebu nitazamie kidole hiki."

"Nimekiona," alijibu mumewe bila kugeuka.

Muongo mkubwa! Hakuwa ameona kitu. Tangu arudi kazini alikuwa amekodolea macho kompyuta. Kadi ya picha ya kompyuta hiyo, aliyoinunua ikiwa imetumika, ilimtolea gemu lenye ukungu, kuta za ngome ya malkia kama zimepakwa matope. Akaingia kwenye mipangilio, akapandisha ukali wa picha ngazi moja. Mawe yakaonyesha nyufa, na chumba kikanuka nywele zilizoungua. Siku zilizofuata akapandisha tena na tena, na kila alipopandisha feni ya kompyuta ilihema kama mtu, na mkewe kwenye cherehani alipoteza kitu, leo nyusi, kesho kovu, mpaka asubuhi moja alipojitazama kwenye kioo cha wateja akakuta uso mtupu, macho yamefifia, mdomo umebaki ufa tu, akapiga yowe lililowatoa majirani nje.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama wa watu mwenye haraka zake. Aliinusa kompyuta, akaziba pua.

"Limo humu," alinong'ona. "Jini hili halijui kuchora. Linamwibia mkeo, linapamba mawe yako. Nitalitoa, lakini vilivyoibwa vitarudi kwa kinywa chako wewe uliyepandisha. Zima, kisha sema mkeo alikuwaje."

"Alikuwaje vipi?"

"Uso, baba! Utakavyoutaja ndivyo utakavyorudi. Usikosee."

Alizima. Mganga akasoma maneno yake, na kitu kizito kikapita mlangoni kikiacha joto. Mke alikaa kwenye kiti cha cherehani, akingoja.

"Nyusi zake… nyembamba," alianza mume.

"Na kovu langu?" mke aliuliza taratibu.

"Lipo shavuni."

"Shavu lipi, mume wangu?"

Inauma kusema: miaka yote ya ndoa, mtu huyu angekutajia kila jiwe la ngome ile, lakini shavu la mkewe hakulijua.

"Haraka, mlango wa kurudishia unafungwa!" mganga alifoka.

Basi kwa hofu na aibu alifumba macho na kuutaja uso pekee aliowahi kuutazama vizuri, macho ya kijani, pua iliyochongoka, nywele nyekundu hadi mabegani, kidevu chenye kishimo, akautaja wote bila kukwama hata mara moja.

Alipofumbua macho, malkia wa gemu lake alikuwa amekaa kwenye kile kiti, amevaa gauni la mkewe, akilia kwa sauti ya mkewe.