Kilo Themanini za Kiti cha Nyuma

Gari lilizidi kwa kilo themanini, na Kahonzi hakulipenda jambo hilo hata kidogo.

Mtu mwingine angepuuza. Lakini huyu alikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha chumvi upande wa Gongoni, mwaka wa kumi na moja sasa, na kazi yake ilikuwa kupima malori yakiingia matupu na kuyapima tena yakitoka na mzigo. Madereva walishamchezea kila mchezo. Walificha mapipa ya maji chini ya turubai, wakamlaza utingo nyuma ya viti ili lori tupu lionekane zito, na wote aliwanasa. Walimwita Mama Mizani, na jina hilo wala halikumkera.

Gari lililokuwa juu ya bamba la mizani siku hiyo halikuwa la kiwanda. Lilikuwa gari kubwa la kijivu la foo-wili, lile ambalo magurudumu yote manne huvuta, na yeye na mumewe walikuwa wamepewa siku tatu za kulijaribu kabla ya kuamua kama watalinunua. Kitabu cha gari kilisema kilo elfu moja mia saba na sitini. Mizani yake, ambayo husoma kwa ishirini ishirini, ilisema elfu moja mia nane na arobaini. Alikuwa amemteremsha kila mtu, ametoa gurudumu la akiba, jeki na hata mazulia ya miguuni, na tangi lilikuwa karibu kukauka.

"Labda mizani ina njaa," alisema Kambi, mumewe, mwalimu wa shule ya msingi aliyependa mzaha kuliko chakula.

"Mizani imekaguliwa wiki jana, Baba Nelly."

"Basi gari ndilo limeshiba."

Kahonzi hakucheka. Kilo themanini ni mtu mzima, tena mtu aliyekula akashiba.

Kulihitaji, walilihitaji, hapo hapakuwa na ubishi. Binti yao Nelly, wa miaka tisa, alizaliwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu ambao maumivu yake huja ghafla na kuingia mifupani. Mwezi wa Mei mwaka uliopita maumivu yalikuja siku ya mvua, na kigari chao kidogo kikazama kwenye udongo mweusi kabla ya kufika lami. Walikaa pale saa sita. Kahonzi alimpakata mtoto, akamsikiliza akilia mpaka sauti ikakatika, na kile kimya kilichofuata ndicho kilichomkata maini. Daktari wa Malindi aliwaambia kwamba wangechelewa saa moja zaidi wangeleta maiti. Tangu hapo Kahonzi hakuweza kuona wingu bila kumtafuta mtoto kwa macho, na sasa ilikuwa Aprili, watoto wako likizo, na mvua ilikuwa inanukia.

Alitazama nje ya dirisha la kibanda chake. Nelly alikuwa amechuchumaa kando ya rundo la chumvi, akimumunya punje alizoiba. Aliiba chumvi tangu alipoota meno, na hakuna karipio lililomsaidia.

Mwenye gari alikuwa Bwana Shee wa Shella, Malindi, mzee mpole aliyefiwa na mkewe. Upole wake ndio uliomtia Kahonzi shaka. Hakusifia gari lake kama wauzaji wengine, na alipowapa funguo mkono wake ulikuwa na haraka.

"Lijaribuni siku tatu," alikuwa amesema. "Ila nawaomba jambo moja, wanangu. Gari hino musiipeleke kwenye munyu."

"Chumvi ndiyo kazi yangu, Bwana Shee."

"Najua. Ni kwamba munyu huila bodi."

Kweli, chumvi huila bodi ya gari, kila mtu wa Gongoni anajua. Lakini mzee alipokuwa akisema hivyo hakuitazama bodi. Alikuwa akiutazama mlango wa nyuma wa kushoto.

Siku ya pili walilipeleka kwa Njoroge, fundi wao wa Malindi, mtu ambaye hakuamini kitu chochote asichoweza kukikaza kwa spana. Alilala chini ya gari muda mrefu, akatoka akijifuta mikono.

"Injini iko sawa. Giaboksi iko sawa. Inashika mguu zote nne, hapo sina neno," alisema. "Lakini hii springi ya nyuma, ya kushoto, imelala. Na ni mpya, mama. Tairi ya hapo pia imekulika kuliko zingine."

"Imelazwa na nini?"

"Hata mimi nashangaa. Ni kama kuna mtu mzito anakaa hapo kila siku."

Akaufungua mlango ule ili akikague kiti, akainamisha kichwa ndani, kisha akakirudisha nje polepole na kuufunga mlango bila kukikalia. Alikuwa na jasho juu ya mdomo.

"Wenye gari walipenda marashi sana," alisema kwa sauti ya chini.

Kahonzi alikuwa ameisikia harufu hiyo tangu jana. Ilikuwa harufu ya asumini, lakini asumini iliyolala, ile ambayo mwanamke ameivaa usiku na kuisahau kichwani mpaka mchana wa pili.

Walirudi Gongoni saa saba mchana, Kahonzi akiendesha, Kambi amesinzia pembeni yake, na Nelly nyuma, upande wa kulia, na pakiti ya viazi karai mapajani.

"Karibu tule," Nelly alisema.

"Asante mwanangu, kula," Kahonzi alijibu, na moyoni alifurahi. Adabu hiyo alimfundisha mwenyewe. Hakutaka mtoto wake atafune mbele ya mtu bila kumkaribisha.

Walipovuka daraja la Sabaki alitupia macho kioo cha ndani, na pale akaona kwamba Nelly hakuwa ameinyoosha pakiti mbele, kwa mama yake, bali ameinyoosha kando, upande wa kushoto, ambako hakukuwa na mtu, na ameishikilia hivyo hivyo kwa subira, kama mtoto anayemngojea mkubwa achague kipande, na karatasi ikachakarika, na kiti kikalia kidogo, kama kinavyolia mtu mzima anapoinama kisha akaegemea tena.

Alijiambia kuwa ni barabara, kuwa ni springi ile mbovu. Lakini walipofika nyumbani Nelly aliteremka, akazunguka gari, akaufungua mlango wa kushoto na kusimama kando akiushikilia.

"Shikamoo," alisema mtoto. "Karibu ndani."

"Unamkaribisha nani, Nelly?" aliuliza Kahonzi.

"Bibi wa garini. Ameniambia hajakaribishwa na mtu siku nyingi."

"Ingia ndani," alinong'ona Kahonzi. "Ingia, na usiseme naye tena."

Nelly aliingia. Aliuacha mlango wa nyumba wazi nyuma yake, kama anayejua kuna mwingine anayefuata.

Siku ya tatu, ambayo ndiyo ya kutoa jibu, Kahonzi aliwachukua wote mpaka kiwandani. Alilipima gari tena, tupu, vile vile kama mara ya kwanza. Mizani ikasoma elfu moja mia saba na sitini. Haikuzidi, haikupungua.

Kambi alipiga makofi. "Umeona? Siku ile bamba lilikuwa na mchanga. Mama Nelly, tununue gari hili tulale usingizi. Mvua haingoji."

Akaliondoa gari bambani na kuliegesha kivulini, akipiga mbinja. Kahonzi alibaki kibandani na machale yakimcheza. Lori likiingia zito na kutoka jepesi, yeye huwa hashangilii. Huuliza mzigo umeshushwa wapi. Alichukua simu na kumpigia Bwana Shee.

"Umeipeleka kwenye munyu," mzee alisema hata kabla ya salamu kuisha.

"Nimeipeleka. Na kilichokuwamo hakimo tena. Niambie kilikuwa nini."

"Marehemu mke wangu alimpa mwanamke lifti," alisema mzee. "Adhuhuri, njia ya Mambrui. Yule mwanamke akapanda nyuma, kushoto. Hakuteremka."

"Hakuteremka vipi?"

"Hakuteremka, mwanangu. Tulifika nyumbani, mlango ukafunguliwa, mtu hayumo, na gari limelala upande. Miaka saba hiyo. Hana ubaya akiwa pake. Hasumbui wala haombi kitu. Wala haondoki, ila akaribishwe." Pumzi yake ilisikika nzito. "Niambie hakuna aliyemkaribisha."

Macho ya Kahonzi yalikuwa yameinuka yakatazama nje. Nelly alikuwa amesimama peke yake katikati ya bamba, akiruka mstari kwa mstari kama afanyavyo kila siku ya likizo, na kwenye kisanduku cha namba nyekundu kinachoonyesha uzito, mahali ambapo kwa miaka yote aliyocheza pale pamesoma ishirini au sufuri, kwa maana mtoto huyo hajawahi kunenepa, palikuwa pamesoma mia moja, na mia moja ile haikutikisika, hata pale Nelly aliporuka juu na miguu yake yote miwili ikawa hewani.

Alitoka mbio. Njiani aliinama akaokota bonge la chumvi, akalinyoosha kwa mtoto.

"Shika, mama. Leo nakuruhusu."

Nelly aliyekuwa akiiba chumvi tangu alipoota meno alirudisha mikono yake yote nyuma.

"Sitaki. Inamchoma," alisema. Kisha uso ukamkunjamana. "Mama, magoti yameanza kuniuma."

Hapo hofu ya Kahonzi iligeuka hasira. Maumivu yale aliyajua. Mifupa ile haikuweza kumbeba hata mwenyewe siku za baridi, sembuse mtu mzima mgongoni.

"Baba Nelly, lete gari bambani. Sasa hivi."

Kambi aliuona uso wake na mzaha ukamwisha. Alilileta gari. Kahonzi akamsogeza Nelly kando, nje ya bamba, akamtuma mumewe kibandani asome namba, kisha akaufungua mlango wa nyuma wa kushoto na kuushikilia, kama Nelly alivyofanya.

"Elfu moja mia saba na sitini," Kambi alisoma dirishani kwa sauti ndogo.

"Shikamoo, bibi," alisema Kahonzi, na sauti ilimtetemeka lakini hakuiacha, akaendelea kusema kwamba mtoto huyu alimkaribisha kwa adabu aliyofundishwa, na kwamba mtoto ni mgonjwa, mifupa yake haiwezi kumbeba mtu, kwamba kama ni kubebwa watambeba wao wakubwa, kwamba gari hili wanalinunua leo hii na kiti hiki ni chake, hakuna atakayekikalia na hakuna atakayemteremsha, wala halitaletwa tena kwenye chumvi maisha yao yote. "Karibu," alisema.

Hapakuwa na kitu. Jua liliwaka juu ya marundo meupe ya chumvi mpaka macho yakauma.

"Karibu, bibi."

Nelly alianza kulia, akishika magoti.

"Karibu. Kaa pako. Nakuomba kwa uchungu niliomzaa nao huyu."

Harufu ya asumini ilipita ubavuni mwake, baridi, ikamgusa shingo. Kiti kililia. Gari likainama taratibu upande wa kushoto, na Nelly akavuta pumzi ndefu na kukaa chini mchangani.

"Elfu moja mia nane na arobaini," alisema Kambi.

Kahonzi aliufunga mlango. Alilia pale pale kwa shukrani, na alipogeuka, Nelly alikuwa ameliokota lile bonge la chumvi, analilamba.

Wakalinunua. Bwana Shee alitia sahihi karatasi bila kuwatazama usoni, na walipoondoka akabaki mlangoni akilitazama gari, akipunga mkono, na hawakujua alikuwa akimuaga nani.

Mvua ya Mei ilikuja na maumivu yakaja nayo, saa nane mchana. Kambi alishika usukani. Kahonzi alikaa nyuma, kulia, miguu ya Nelly mapajani mwake, na kichwa cha mtoto akakilaza katikati ya kiti juu ya kanga iliyokunjwa, akichunga kisivuke upande ule. Kwenye udongo mweusi walipita magari matatu yaliyozama mpaka milangoni. Lao lilikwenda, likiguruma, magurudumu yote manne yakishika, na Nelly aliyekuwa akipiga kelele tangu nyumbani akanyamaza ghafla.

Kimya kile Kahonzi alikijua. Aligeuka upesi.

Nelly alikuwa akipumua vizuri, macho yamefumba. Kanga ilikuwa imeanguka chini. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimesogea upande wa kushoto na hakikugusa kiti. Kilikuwa kimelala hewani, juu ya kiti, kimetulia, kwa kimo cha paja la mtu, na nywele zake juu ya kipaji zilikuwa zikilala na kuinuka, zikilala na kuinuka, kama zinazopapaswa na mkono.

"Anakuumiza?" Kahonzi alinong'ona.

"Hapana," alisema Nelly kwa usingizi. "Anasema nimemkumbusha wa kwake."

Kahonzi hakujua kama aseme asante au amvute mtoto. Aliishika miguu ya Nelly kwa mikono yote miwili, akaikaza, na hakuiachia mpaka Malindi.