Kazi ya Kaka Hairithiwi

Siku ile mwanangu alitoka nyumbani mzima, akipiga mluzi. Mchana tukaambiwa amegongwa na gari. Tulipofika hospitali alikuwa ameshafariki. Dukani kwetu nilikuwa nimeacha pasi juu ya shati la mteja. Liliungua lote.

Mwanangu alikuwa akijitolea kwenye ofisi ya msaada wa sheria. Watu wasioweza kumlipa wakili walimweleza shida zao, naye akaziandika.

Baada ya msiba, mdogo wake wa kike alichukua begi lake, saa na viatu vya mvua. Binti huyu tunamwita Kasuku, maana mdomo wake haupumziki. Mwaka uliofuata akataka kuomba nafasi chuo cha sheria. Chuo kilitaka wasifu, yaani maelezo ya masomo na kazi alizofanya mwombaji.

Jirani yetu ni wakili. Kasuku alimpa wasifu wake ausome pale pale dukani kwetu, tunapofua na kupiga pasi nguo za watu. Wakili akasoma, kisha akavua miwani.

"Kasuku, ulijitolea lini kwenye msaada wa sheria?"

Kasuku akaivuta ile karatasi.

"Hiyo ni kazi ya kaka yake!" nilisema. Nikakaa juu ya furushi la nguo chafu.

"Mama, tumerithi hadi soksi zake," Kasuku alilia. "Kwa nini kazi yake ipotee?"

"Mwanangu, viatu vinarithiwa. Kazi hairithiwi," wakili alisema. "Chuo kikipiga simu ile ofisi, kitaambiwa nini? Kwamba aliyefanya kazi ameshazikwa? Utanyimwa nafasi. Na hata ukipita, uongo huu unaweza kukuumbua siku ya kuomba uwakili."

Wakili akamrudishia karatasi.

"Wewe mwenyewe umefanya nini tangu umalize shule?"

"Si niko hapa tu, shangazi. Nafua."

"Hapa tu? Nani alimaliza ugomvi wa lile koti jeusi?"

Kasuku akafuta machozi. "Wateja wawili, kila mmoja anasema ni lake. Nikamwuliza kila mtu peke yake, mfuko wa ndani ukoje. Mmoja akakitaja kiraka cha ndani. Mwingine akakumbuka lake kaliacha kwa shemeji yake."

"Yarabi! Mbio za magunia za shule ya msingi umeziandika, hili umeliacha? Jirani, nishike nisianguke!"

Kwa mara ya kwanza tangu msiba tukacheka.

"Sikiliza," wakili alisema. "Andika kazi uliyoifanya wewe, hata ya kufua. Sema ulianza lini, ulikuwa na jukumu gani, ukafanikisha nini. Ya utotoni yafute. Kaka yako mweke kwenye barua ya kueleza kwa nini unataka sheria. Humo mtaje kwa heshima, na kazi ibaki yake."

Kasuku akaandika upya. "Msimamizi, duka la familia la kufua nguo." Ukurasa mmoja tu. Ile barua aliyomtaja kaka yake nilijaribu kuisoma, nikashindwa kuimaliza.

Chuo kilimwita. Sasa yuko mwaka wa kwanza, anaishi huko huko chuoni. Duka nalifungua peke yangu na kulifunga peke yangu.