Mirusho ya Uani

Mkono ulirusha mpira, ukarudi nyuma, ukapokea mpira mwingine kutoka kwenye bomba, ukarusha tena. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Ulikuwa umefungwa begani kwenye nguzo ya chuma, ndani ya chumba cha kioo chini ya jengo la michezo la Chuo cha Kessler, na ulikuwa ukirusha hivyo tangu mwezi wa tatu bila kuomba hata maji.

Mifupa yake ilikuwa ya chuma chepesi, lakini kano zake zilikuwa nyama halisi. Zilioteshwa maabara kutokana na chembe zilizotolewa kwenye kiwiko cha kijana mmoja, Yeison Almonte, mrushaji wa Korongo, timu ya besiboli ya Kessler, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi. Wahandisi waliuita mkonopacha. Kazi yake ilikuwa kuchakaa kabla ya mwenyewe. Ulirusha mara nyingi kuliko yeye, kwa nguvu ileile na mkunjo uleule, ili siku kano zake zitakapokatika, watu wajue kano za Yeison zimebakiwa na muda gani.

Mikonopacha ilikuwa ishirini na moja humo ndani, mingine ya wanafunzi wa chuo, mingine ya Korongo. Mhandisi aliyeitunza alikuwa Nabintu Bahizire, mwenye miaka ishirini na saba. Asubuhi, akihakikisha yuko peke yake, aliisalimia mmoja mmoja kwa majina ya wenyewe.

Jumanne, saa nne asubuhi, mkono wa Yeison ulitoa mlio kama wa tawi bichi linalovunjwa. Ukaning'inia. Mpira ukadondoka sakafuni, ukabingirika hadi kwenye kiatu cha Nabintu.

Alitazama kioo cha mashine. Kila mchezaji alivaa kihesabio, soksi nyembamba iliyofunika mkono kuanzia kifundo hadi bega, nacho kilituma kila mrusho wake huku chini. Mashine ilichukua idadi ambayo pacha ulikatikia, ikatoa ile ambayo Yeison alikwisha kurusha. Mirusho iliyobaki ilikuwa mia mbili na kumi na mbili.

Nabintu aliandika ripoti kama kanuni ilivyotaka: apelekewe kocha, mchezaji asiambiwe, kwa kuwa anayejua hurusha kwa woga. Ilikuwa ripoti yake ya tisa. Zile nane za kwanza alizituma kwa moyo mweupe, akiamini kwamba mkono uliochoka utapumzishwa na kupelekwa kwa daktari. Hii aliisoma mara mbili kabla ya kuituma, kwa sababu Yeison alikuwa akiishi nyumbani kwa mama yake Nabintu mwenyewe.

Katika ligi ndogo, ambako vijana husubiri kuitwa ligi kuu, ni desturi ya miaka mingi kwamba wenyeji wa mji huchukua mchezaji mmoja wakamlisha na kumlaza msimu mzima. Mama Nabintu aliletwa Kessler akiwa na miaka tisa kutoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma, na alijua ilivyo kufika mahali usipomjua mtu. Mumewe alipofariki, aliomba mchezaji. Akaletewa Yeison, kutoka Jamhuri ya Dominika. Siku ya kwanza alimwekea ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Yeison alimaliza sahani, ndipo akauliza ni nini.

"Huyu ni wangu," Mama alimwambia binti yake kwenye simu. "Anakula kwanza, maswali baadaye."

Jumanne hiyo hiyo Yeison alirusha kwenye mechi. Jumatano akarusha tena. Alhamisi, alipopangwa kwa siku ya tatu mfululizo, ingawa mrushaji hupumzishwa kati ya mechi, Nabintu alijikaza akaenda uwanjani. Kocha Dunleavy alikuwa ameketi kwenye benchi la wachezaji, anatafuna mbegu za alizeti.

"Kocha, ulipata ripoti yangu?"

"Niliipata. Kazi safi."

"Mbona basi anarusha kila siku?"

"Kwa sababu niliipata." Alitema maganda kwenye kikombe, bila ukali wowote. "Binti, nina warushaji kumi wengine ambao bado wana kesho. Mechi ikiwa ngumu nimchoshe nani? Mwenye mkono mzima, au yule ambaye mkono wake umeshakwenda?"

"Bado haujaenda."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyeandika."

Nabintu alisimama pale akiwakumbuka wale wanane. Wote walikuwa wameumia msimu huo huo aliowaandikia ripoti. Siku zote alidhani ni kwa sababu mashine yake ilikuwa hodari.

Jioni hiyo, baada ya mechi, alimsubiri Yeison kwenye maegesho. Yeison alimwona kwa mbali, akaanza kutabasamu.

"Mkono wangu wa kule chini umekufa, sivyo?"

"Nani kakwambia?"

"Siku tatu mfululizo, Nabintu. Sisi si wajinga, tunajifanya tu. Imebaki mingapi?"

Nabintu alitazama viatu vyake. Kanuni ilikuwa imebandikwa mlangoni pa maabara kwa herufi kubwa, na aliijua kwa moyo.

"Mia moja na kumi."

"Basi ni mingi." Kweli alionekana kufurahi. "Jumapili wanakuja watu wa ligi kuu kututazama. Nahitaji arobaini tu. Wakinichukua, daktari wao atanishona, mwaka kesho narudi. Mpaka hapo nitaumwa tumbo. Naumwa vizuri sana, utaona."

"Usimwambie Mama. Hatapata usingizi."

"Simwambii."

Ijumaa Yeison aliumwa. Jumamosi akaumwa zaidi. Nabintu alishinda maabara, na kila alipotazama kioo cha mashine idadi ilikuwa palepale: mia moja na kumi. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile alihisi ameokoa mtu.

Jumapili mchana jua lilikuwa kali. Mama alikaa mahali pake pa siku zote, nyuma ya wavu, amevaa kitenge cha buluu na beji ya Korongo kifuani. Safu tatu juu yake walikaa wanaume wawili wageni wenye kofia zinazofanana. Nabintu alishika mapajani, chini ya mkoba, mashine ndogo iliyopokea hesabu ileile ya maabara.

Yeison alipanda kwenye kilima kidogo cha mrushaji katikati ya uwanja, akagusa kofia kuelekea kwa Mama, akaanza. Mia moja na tisa. Mia moja na nane. Mpira ulijikunja hewani kama unaobadili mawazo, na wapigaji walipiga upepo. Mgeni mmoja alimsogelea mwenzake sikioni.

"Wanamtaka," Mama alisema bila kugeuka. "Wamekaa kama watu waliokuja kuposa."

Nabintu alicheka. Tisini. Themanini na tisa. Themanini na nane.

Mrusho uliofuata ulipaa juu ya vichwa vya wote, ukagonga wavu mbele ya uso wa Mama. Kabla ya hapo Nabintu alikuwa ameusikia ule mlio. Yeison alisimama ameukumbatia mkono wake kifuani, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga na hajui amshikeje. Mama alikwisha kusimama, vidole vimeshika wavu. Wale wageni wawili walisubiri kwa adabu mpaka alipotolewa uwanjani, kisha wakaondoka.

Kwenye mashine, iliyobaki ilikuwa themanini na saba.

Nabintu alirudia hesabu usiku kucha na siku iliyofuata. Alifungua kano za pacha, akazipima upya. Hakukuwa na kosa. Daktari wa hospitali alisema uchakavu ule ni wa mkono uliorusha mara nyingi zaidi ya inavyoonyesha rekodi. Jumatano Yeison alipanda ndege kurudi kwao, mkono ukiwa ndani ya plasta, na mfuko wa unga wa muhogo ambao Mama alimlazimisha kuubeba.

Alhamisi Nabintu alikwenda nyumbani. Mama alikuwa mezani jikoni, anapaka mafuta glavu ya kudakia.

"Ya nani hiyo?"

"Yangu. Alininunulia mwezi wa nne." Mama aliivaa, akakunja vidole. "Kila jioni kabla ya chakula, pale uani. Mwanzoni alinirushia kama anamrushia bibi kizee, nikamwambia sitaki kuhurumiwa. Akaanza kurusha kweli. Nilidaka, Nabintu. Na zile siku mbili alizoumwa tumbo, wala hakuwa anaumwa, mwongo yule. Tulirusha asubuhi, tukarusha mchana. Alisema anaupasha mkono joto. Sijacheka vile tangu baba yako afe."

Kwenye msumari kando ya masufuria palining'inia kihesabio cha Yeison, kimekunjwa vizuri kama kitambaa cha mkono.

"Hicho alikuwa hakivai?"

"Cha uwanjani hicho. Nilimkataza kukivaa nyumbani, anafanana na mgonjwa. Na mwenyewe alisema mirusho ya kupasha mwili haihesabiwi, wala haijawahi kuhesabiwa katika mchezo huo." Kisha mkono wa Mama ukasimama juu ya ngozi ya glavu. "Kwani ile ya uani nayo ilikuwa inamwumiza?"

Nabintu aliokota kopo la mafuta, akalifunga, ingawa Mama alikuwa hajamaliza.

"Hapana, Mama. Ile haikuwa kitu."

"Nilitaka tu kujua." Mama alipumua. "Timu wamepiga simu. Jumatatu wananiletea mwingine, kijana wa Alabama. Nitatoka naye uani turushe kidogo siku ya kwanza, asijisikie mgeni."

Nabintu alikwenda kwenye msumari, akakitoa kihesabio, akakiweka mezani mbele ya mama yake.

"Huyo mpya asikivue chake, Mama. Hata uani."

Mama alikitazama kile kitu chembamba. Kisha akatazama mlango wa uani. Aliichomoa glavu mkononi taratibu, kidole kimoja kimoja, akaiweka juu ya kihesabio.